Gonga Kopo, Bibi

Siku yangu ya kwanza kazini nililia. Nalisema mapema, wadogo zangu wa kidato cha kwanza mnaosoma gazeti hili la ukutani, ili asitokee mtu wa kunidhania shujaa. Nilikuwa darasa la tatu. Tulikuwa tumehamishiwa kwenye kijiji kipya huko Sindeni, nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa gwaride, na kila nyumba ilitakiwa iwe na choo chake cha shimo kabla Balozi wa Nyumba Kumi hajapita kukagua. Baba akachimba. Alipokwisha kufunika shimo kwa magogo na udongo, akaacha tundu katikati, akanipa fagio la chelewa na debe la majivu. Akasema, "Zaina, kuanzia leo hiki ni chako." Wenzangu wa rika lile walikabidhiwa mbuzi.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Unafagia, unatupa majivu tunduni ili kukata harufu na kufukuza nzi, kisha unafunika kwa kifuniko cha mbao chenye mpini mrefu. Kilichonitoa machozi ni lile tundu. Lilikuwa jeusi kiasi kwamba ukilitazama, nalo unaona linakutazama. Usiku kucha niliwaza magogo yakikatika nikiwa katikati, na nikiwafikiria watu wa ukoo wetu mmoja mmoja sikumpata hata mmoja ambaye angekubali kunivuta kabla hajajadiliana kwanza na wenzake.

Balozi alikuja na fimbo yake. Mrefu, mkavu, hacheki. Akachokoa kifuniko, akainama, akanusa kama anayenusa pilau.

"Msafishaji nani?"

"Mimi. Shikamoo, Ndugu Balozi."

"Marahaba. Macho mekundu hayo ya nini? Unakiogopa?"

"Ndiyo."

"Basi ogopa hivyo hivyo. Siku utakayoacha kukiogopa choo, niite nije nikutafutie kazi nyingine."

Akaenda zake. Baba alifurahi kwamba tumepita ukaguzi. Mimi nilibaki na yale maneno, na sijui hadi leo kama alikuwa ananitia moyo au ananitisha zaidi. Nadhani yote mawili. Wakubwa wa kazi ndivyo walivyo.

Uhamisho wangu ulikuja nilipofaulu kwenda sekondari. Nikapelekwa Korogwe mjini, mtaa wa Masuguru, kukaa kwa Mama Mkubwa, dada yake mama. Na mumewe Mama Mkubwa, mjue mapema mshike viti, alikuwa Bwana Afya. Ni yule ofisa anayeingia hotelini akafunua masufuria, anayeingia buchani akatazama kucha za muuza nyama, na akitoka mlango unafungwa kwa amri. Watu wakimwona kwa mbali na kofia yake, mtaa mzima unaanza kufagia. Sasa fikirieni mimi, mtoto wa shimo na majivu, napewa kusafisha choo cha mtu huyo.

Kilikuwa choo cha nyumba ya serikali, mwisho wa baraza ya uani. Sakafu ya saruji, sinki jeupe la kuchuchumaa, ndoo ya kumwagia maji, kidirisha kidogo chenye ubao wa kufungia, na mlango wa mbao wenye komeo la chuma kwa ndani. Komeo lile lingeweza kuzuia tembo. Sinki ni lile bakuli la udongo wa kung'aa linalopokea mambo yako, na adui yake mkubwa ni madoa ya njano yanayoganda kwenye mdomo wake. Majivu hayayatoi. Sabuni ilikuwa ya foleni dukani, na ikipatikana kipande kinalindwa kuliko dhahabu.

Mama Mkubwa alikuwa na ufundi wake. Alikaanga maandazi, kwa hiyo kopo la bekingi soda halikukosekana jikoni, ule unga mweupe laini unaoumua unga wa maandazi. Alinionyesha: nyunyiza kwenye sinki likiwa na unyevu, acha kidogo, sugua kwa brashi ya mpini, mwagia maji. Harufu inakufa, weupe unarudi. Wakati mwingine alikamulia limau juu yake, maana malimau tulikuwa nayo hadi ya kuchezea mpira, na ule unga ukachemka povu bila moto. Mara ya kwanza kuona povu lile nilitoka mbio hadi kwenye kamba ya nguo.

"Rudi hapa, mwoga wewe," Mama Mkubwa akacheka. "Linakufuata?"

Ila Mama Mkubwa alikuwa mtu wa akiba, kama mama wote wa wakati ule wa vitu vya kutafuta. Siku moja povu lilibaki kwenye bakuli. Akasema lisimwagwe, litiwe kwenye chupa, lizibwe vizuri, litumike kesho. Nikalitia, akaziba mwenyewe kwa kizibo na kitambaa. Hatujamaliza hata kunawa mikono, chupa ikalia "paa!" kama bunduki ya mgambo. Kizibo kiligonga dari. Vipande vya chupa tuliviokota hadi ndani ya unga wa ugali. Mama Mkubwa alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza, ananong'ona kalima.

Nilicheka baadaye. Pale pale sikucheka, maana kipande kimoja kilikuwa kimechoma mto nilioulalia mchana. Jifunzeni bila kuponea chupuchupu: soda na limau, au soda na siki, vinatoa hewa, na hewa ile haikubali kufungiwa. Ukichanganya, changanya pale pale, kwenye chombo kilicho wazi, kisha mwaga.

Basi, nilidhani hiyo ndiyo hofu kubwa ya kazi yangu. Ukaja mwaka wa kipindupindu.

Nyinyi mlikuwa wadogo, huenda mnakumbuka tu kwamba tulikatazwa kushikana mikono misibani. Bwana Afya alirudi nyumbani jioni macho yamezama. Alianza kuleta kopo la klorini kutoka kazini, unga mweupe mwingine, wenye harufu inayochoma pua, wa kuua vijidudu kwenye maji na vyooni. Alikuwa akiutia chooni kwetu yeye mwenyewe. Lakini alikuwa akifanya kimya kimya, na hapa ndipo penye jambo. Mtu wa cheo chake, mwenye mke na binti ndani ya nyumba, aonekane anahangaika na sinki? Haiwezekani. Kwa hiyo aliingia na kutoka, hasemi kitu. Mama Mkubwa naye, akisafisha, hatangazi. Kwetu mambo ya choo hayasemwi. Unaingia kama mwizi, unatoka kama mwizi, na uliyofanya humo ni siri yako na Mungu wako.

Wakati huo Bibi alikuwa ametutembelea kutoka Sindeni. Bibi ni mama mzazi wa Mama Mkubwa na wa mama yangu, kwa hiyo kwa Bwana Afya ni mkwe. Na mama mkwe wa Kizigua haonekani na mkwewe akielekea chooni. Afadhali atembee na tumbo lake hadi kijiji cha Magoma. Bibi alikuwa akisubiri Bwana Afya atoke au ageuke, ndipo anateleza na kopo lake la maji limefichwa ndani ya kanga, haraka kama paka. Mimi alikuwa akiniita mke mwenzake, kwa utani wetu, na kazi aliyonipa ilikuwa kumlindia njia.

"Mke mwenzangu, yuko wapi huyo?"

"Anasoma gazeti, Bibi. Kageukia barabarani."

"Mwambie asome na nyuma ya gazeti."

Ikafika siku ya wageni. Wakubwa wa wilaya walikuwa wanazungukia nyumba kuhimiza usafi, na Bwana Afya alikuwa ameahidi kuwaonyesha choo cha mfano. Cha kwake. Tangu alfajiri hakuna aliyepumua vizuri katika nyumba ile. Mama Mkubwa alikamua malimau bakuli zima, akamimina maji yake kwenye madoa ya sinki, akayaacha yaloweke, kisha akakimbilia wali wake. Hakumwambia mtu. Mimi nilikuwa nimetumwa bombani.

Baadaye kidogo Bwana Afya akapita, akaona choo kitupu, akamwaga klorini kwa mkono wa ukarimu, akafunga kidirisha ili nzi wasiingie, akafunga mlango, akaenda kupokea wageni. Naye hakumwambia mtu. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa uani naosha sahani, wageni wamekaa barazani mbele wanakula kwanza, na kitu pekee nilichokiona ni ncha ya kanga ya Bibi ikipotelea nyuma ya mlango wa choo. Komeo likalia, kwaa.

Harufu ikanifikia nikiwa na sahani mkononi. Haikuwa harufu ya choo. Ilikuwa kama mtu ameniingiza pilipili na msumari puani kwa pamoja. Nikasikia kikohozi. Kikohozi kingine, kirefu, cha kukwaruza. Kisha kimya.

Nikaenda mlangoni. "Bibi?"

Kimya.

"Bibi, hujambo humo?"

Kimya. Na hapa muelewe hofu yangu ilikuwa ya namna gani. Bibi ni mtu wa dini. Chooni hasemi. Hajibu salamu, hajibu wito, hata nyumba iungue. Alitufundisha hivyo tangu tukiwa tunatambaa. Kwa hiyo ule ukimya sikujua ni wa adabu au ni wa mtu anayekufa. Vyote viwili vinafanana kabisa ukiwa upande wa nje wa mlango.

Nikakimbilia baraza ya mbele. Wageni wana matonge mikononi.

"Baba Mkubwa, umetia nini chooni?"

Bwana Afya akanitazama kwa yale macho ya kufungia hoteli. "Zaina! Mbele ya wageni?"

"Umetia nini?"

"Klorini," akasema kwa meno. "Kwa nini?"

Mama Mkubwa alikuwa anakuja na bakuli la mchuzi. Akasimama. "Klorini? Mbona mimi nimelowekea limau humo?"

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiishiwa damu namna ile. Kiti kikaanguka, Bwana Afya akapita uani kama upepo, wageni nyuma yake na matonge yao. Akaushika mlango wa choo auvunje kwa bega. Kisha akauliza, "Nani yumo?"

"Bibi."

Akauachia mlango kama umemuunguza. Akarudi nyuma. Mikono juu, jasho linamtoka, akageukia ukuta. Mtu aliyefunga nusu ya hoteli za mji hakuweza kufungua mlango mmoja, kwa sababu nyuma yake alikuwa mama mkwe akiwa katika hali ambayo mkwe haruhusiwi kuifikiria, sembuse kuiona. Wala msimcheke. Angeweza kuingia, na Bibi angepona, kisha angekufa kwa aibu wiki hiyo hiyo.

"Zaina," akasema kwa ukuta. "Limau na klorini vikikutana vinatoa hewa ya sumu. Ni nzito, inakaa chini. Naye amechuchumaa. Fungua kidirisha kwa nje. Usivute pumzi karibu nacho. Haraka, mwanangu."

Nikapanda ndoo, nikang'oa ule ubao wa kidirisha kwa kisu cha vitunguu. Ile hewa ikanipiga usoni, macho yakajaa maji. Ndani sikuona ila giza na kanga.

Mama Mkubwa alikuwa anapiga mlango kwa viganja. "Mama! Fungua! Mama!"

Kimya.

Ndipo likanijia. Nikaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. "Bibi, usiseme! Usijibu! Gonga kopo tu. Kama uko hai, gonga kopo."

Tukasubiri. Kisha tukausikia mlio mdogo, wa mbali, kama unatoka chini ya kisima: ko.

"Gonga tena, Bibi!"

Ko. Halafu kitu kikaanguka na kubingirika sakafuni, nikajua ni lile kopo lenyewe.

Nilichukua mchi wa kinu. Sikumbuki uzito wake. Nilipiga ubao ulio karibu na komeo mpaka ukapasuka, Mama Mkubwa akapenyeza mkono, akavuta chuma, mkono ukatoka na damu. Nikajaza pumzi nje, nikafumba mdomo, nikaingia. Bibi alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumbwa, midomo imebadilika rangi. Tukamburuta hadi chini ya mpapai kwenye upepo. Mama Mkubwa akamfunika mwili mzima, kichwa na vyote, ndipo akamwambia mumewe sasa anaweza kugeuka.

Jirani akaja na maziwa. Bwana Afya, bado hasogei karibu, akapiga kelele asinyweshwe kitu chochote, akae kitako apate hewa, macho yaoshwe kwa maji safi mengi, na gari la wageni limpeleke hospitali sasa hivi. Mgeni mkubwa mwenyewe ndiye aliyeshika mlango wa gari. Nilimsikia akimwambia mwenzake taratibu, "Choo cha mfano tumekiona."

Jioni, wodini, Bibi alifungua macho. Kifua kilikuwa kinapiga mluzi. Maneno yake ya kwanza yalikuwa haya:

"Mke mwenzangu. Mkwe wangu aliniona?"

"Aligeukia ukuta mwanzo hadi mwisho, Bibi."

Akafumba macho tena. "Basi nimepona."

Mimi sikupona upesi hivyo. Kwa muda mrefu kila unga mweupe ulinitetemesha, hata sembe. Niliota ile "ko" ikikosa kuja. Bwana Afya naye alikonda. Alitukusanya uani, akasimama mbele yetu bila kofia, na kichwa kile bila kofia kilikuwa kidogo kuliko tulivyodhani.

"Nilijua hatari hii," akasema. "Naifundisha vijijini. Lakini nilikuwa naona haya kusema nyumbani kwangu kwamba nimeingia chooni na kopo. Haya yangu ingetuzikisha mtu."

Mama Mkubwa akasema, "Na yangu."

Kuanzia hapo sheria zilibadilika, na ndizo nilizozifuata hadi nastaafu. Kusafisha kwa kila siku ikawa bekingi soda na maji basi. Ilihama jikoni ikawa na kopo lake, kavu, lenye kifuniko, limeandikwa CHOO kwa rangi nyekundu ili lisirudi kwenye maandazi. Lile la maandazi likabaki juu kabatini. Kostiki ya kupikia sabuni, ambayo nayo ni nyeupe na inaunguza ngozi, ikapigwa marufuku kukaa rafu moja nalo. Unanyunyiza, unaenda kuosha vyombo, unarudi kusugua, unamwaga maji, unanawa mikono. Limau likarudi kwenye samaki. Klorini ilipewa siku yake peke yake, maana Bwana Afya alisisitiza kwamba soda inang'arisha na kukata harufu lakini haiui kipindupindu, msidanganyike. Siku ya klorini sinki linasuuzwa kwanza kwa maji mengi, hakitiwi kitu kingine, kidirisha kinaachwa wazi, na hakuna kuingia mpaka harufu ipungue.

Na sheria ya mwisho, iliyonivunjia heshima mtaa mzima: aliyetia kitu chooni anatangaza. Kwa sauti.

"Choo kina sodaaa!" nilikuwa nikipaza asubuhi kabla ya shule.

"Tumesikia!" jirani anajibu ng'ambo ya ukuta. "Na sisi chetu kina Hamisi!"

Shuleni wakanipa jina la Redio. Wavulana walinipigia saluti wakinikuta kwenye njia ya vyoo. Niliudhika kidogo, kisha nikakumbuka kuna watu walinyamaza kwa heshima na nusura tuzike mtu. Nikaongeza sauti.

Mwaka huu ni wa mtihani, kwa hiyo Mama Mkubwa amenistaafisha. Hakukuwa na sherehe. Nilipokea andazi moja la ziada, nalo limetengenezwa kwa soda ya kopo la juu kabatini, nilihakikisha. Brashi nimemkabidhi binamu yangu Saidi, wa darasa la tano, anayejifanya haogopi kitu. Siku ya makabidhiano nilimwona anachungulia sinki huku ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Unakiogopa?" nikamuuliza.

"Mimi? Ahaa."

"Ogopa," nikamwambia. "Ogopa hivyo hivyo."

Likizo iliyopita nilikwenda Sindeni kwa Bibi. Kwake ni shimo na majivu kama zamani, hakuna klorini, hakuna limau, hakuna komeo hata, ni pazia la gunia. Hakuna cha kuogopa pale isipokuwa lile tundu, nalo tumeshazoeana. Alfajiri niliamka nikakuta kitanda chake kitupu. Nikatoka nje miguu mitupu, nikasimama uani kwenye umande, nasikiliza. Sikuita, maana asingejibu.

Kisha kutoka nyuma ya gunia, taratibu, bila kuulizwa na mtu: ko. Ko.

Nikarudi kuwasha moto wa chai.